Kicheko katika Safari ya Bula Matari

Wazee husema: Mtu hupanga, Mungu hupangua. Maneno haya tumezoea kuyatoa siku ya msiba, tukitikisa kichwa na kuugua. Walakini yafaa pia kusemwa kwa kucheka. Maana katika maisha ya wanadamu mna ajali nyingi, na kukutana kwingi kwa bahati, ambako siku yenyewe hakuna anayecheka, lakini baada ya miaka kupita hata yule aliyeumia hucheka pamoja na wengine.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kutazama mambo ya namna hiyo katika historia ya nchi yetu ya Tshopo. Anayekaa Barumbu, kwenye Mto Kongo, jirani na Basoko, hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta. Jina la Barumbu liliandikwa katika mkataba wa mwaka 1911, pale Serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilipokubaliana na kampuni ya Lever juu ya mafuta ya mawese, likawa moja katika vituo 5 vya mkataba ule. Lakini kabla ya habari za mawese, maji haya haya yalipita mashua za moshi za Bwana Henry Morton Stanley, zikielekea Yambuya katika Mto Aruwimi. Hiyo ilikuwa Juni 1887. Stanley alikuwa akienda kumwokoa mtu mmoja aitwaye Emin Pasha.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya safari ile, na karibu vyote vyaisimulia kwa sauti nzito ya ushujaa. Sisi twaona kwamba ushujaa ulikuwako, na huzuni ilikuwako kubwa. Lakini katikati yake kuna kicheko ambacho wengi wamekipita bila kukisikia.

NJIA NDEFU KULIKO ZOTE

Kwanza tumjue huyo Emin. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, naye alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, Silesia, katika nchi ya Prussia. Alikuwa mganga, mtu wa vitabu, mwenye kupenda ndege na wadudu kuliko bunduki. Alifanya kazi kwa Waturuki, kisha akafika Khartoum, na mwaka 1878 Gordon akamweka kuwa liwali wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la utawala wa Misri. Mwaka 1885 Mahdi alipouteka mji wa Khartoum na Gordon kuuawa, Emin akafungiwa njia ya kaskazini. Akakaa Wadelai, kando ya Mto Nile, pamoja na askari wake.

Barua zake zilipofika Ulaya, watu wa Uingereza wakasisimka. Gordon hawakumwokoa; basi angalau huyu aokolewe. Fedha zikachangwa, Misri nayo ikatoa sehemu yake, na Stanley akaitwa kutoka Marekani. Hapa Kongo alikuwa akijulikana kwa jina la Bula Matari, yaani mvunja mawe.

Sasa, msomaji akitazama ramani ataona kwamba mtu anayetoka Zanzibar kwenda Ziwa Albert hupita Bagamoyo na kuelekea bara. Lakini Mfalme Leopold wa Wabelgiji alitaka Stanley apite Kongo, maana Stanley alikuwa bado mtumishi wake, na mfalme alitazamia faida kwa dola yake. Basi Stanley akafika Zanzibar mwezi wa Februari 1887, akaandika wapagazi Wangwana zaidi ya 600, na akiwa amesimama karibu kabisa na mlango wa mashariki, akawapakia watu wote katika merikebu iitwayo Madura, akazunguka Rasi ya kusini ya Afrika, akaja kuingia kwa mlango wa magharibi, katika mdomo wa Mto Kongo! Ni kama mtu anayesimama mlangoni pa nyumba ya jirani, kisha akazunguka kijiji kizima ili aingie kwa uani.

Katika merikebu ile alikuwamo pia Hamed bin Muhammed, ambaye sote twamjua kwa jina la Tippu Tip. Na hapa ndipo kichekesho cha kwanza. Mwezi wa Agosti 1886 Waarabu na Wangwana wa maporomoko, waliohesabiwa kuwa watu wa Tippu Tip, walikuwa wamepigana na kituo cha Dola Huru ya Kongo hapo Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, hata wazungu wakakimbia na kituo kuteketea. Mwenyewe Tippu Tip hakuwako siku ile. Miezi michache baadaye, Zanzibar, Stanley akamtilia sahihi mkataba kwa jina la Mfalme Leopold: Tippu Tip awe liwali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na ainue bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Bendera ile ile watu wake waliyoifukuza, sasa analipwa kuilinda! Dola haikuwa na nguvu ya kumwondoa mwenye nyumba, basi ikamwandika kazi ya bawabu.

AMANI ISIYO NA AMANI

Mfalme alikuwa ameahidi kwamba mashua zake zote za mto wa juu zingekuwa tayari kuwachukua wasafiri. Stanley alipofika Léopoldville mwezi wa Aprili, baada ya kutembea kwa miguu kando ya maporomoko, aliona ahadi ile kwa macho. Mashua iitwayo Stanley ilikuwako. En Avant haikuwa na mtambo. Florida nayo ilikuwa mwili mtupu bila mtambo. Kwa watu mia kadha, chakula cha eneo lile kidogo na njaa inakuja, hayo yalikuwa mashaka makubwa.

Basi Stanley, mwenye barua za mfalme mfukoni, ikampasa kwenda kubisha hodi kwa wamisionari Waprotestanti awaombe mashua zao. Moja iliitwa Henry Reed, nayo haikutolewa kwa moyo mweupe. Ya pili iliitwa Peace, yaani Amani. Mashua ile ya Amani haikumpa mtu amani. Siku ya kuondoka, 1 Mei 1887, baada ya kuagana kwa heshima na kupunga mikono, haikuenda mbali ila usukani wake ukavunjika. Mkondo ukaishika, na nyuma yake yako maporomoko. Ikabidi warudi bandarini kufanya matengenezo, mbele ya wale wale waliokwisha kuagana nao.

Sisi tunaokaa kando ya mto twaijua aibu hiyo. Ukishaaga, ukaombewa, ukafungiwa chikwangue za njiani, halafu saa moja baadaye ukaonekana tena sokoni kwa sababu mtambo umekataa, hakuna la kufanya ila kucheka pamoja na wanaokucheka.

BARUTI WA BASOKO

Hata Juni mashua zikafika Basoko, mahali Aruwimi unapomwaga maji yake katika Mto Kongo. Watu wa hapo walimkumbuka Stanley, naye aliwakumbuka. Tarehe 1 Februari 1877, alipokuwa akishuka mto mara ya kwanza, mitumbwi mingi ya vita ilitoka Aruwimi kumkabili, wakapigana vita vikali. Kwa hiyo mara hii watu walisimama mbali katika mitumbwi yao, wakitazama bila kukaribia.

Miongoni mwa watumishi wa Stanley alikuwamo kijana mmoja jina lake Baruti. Alizaliwa Basoko. Mwaka 1883, akiwa mtoto bado, alitekwa katika shambulio la Wangwana, akachukuliwa. Baadaye akaangukia mikononi mwa Sir Francis de Winton, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Kongo, akapelekwa mpaka Uingereza. Kutoka huko akawa mtumishi wa Stanley. Mtoto aliyetekwa kandokando ya Aruwimi amepita bahari, ameona London, amezunguka Rasi, na mashua inamrudisha, bila yeye kuomba wala mtu kukusudia, mpaka mbele ya kijiji chao!

Baruti akasimama mashuani akapaza sauti kwa lugha yao. Akauliza habari za ndugu zake. Mtumbwi mmoja ukasogea polepole. Ndani yake alikuwamo kaka yake. Lakini kaka hakusadiki. Nani angesadiki? Kijana aliyevaa nguo za kizungu, ndani ya mashua ya adui, anasema, Mimi ni ndugu yako aliyepotea. Ndipo Baruti akataja kovu la mkononi, alama ya mamba, jambo ambalo mgeni asingeweza kulijua. Hapo kaka akapiga kelele ya furaha, akaisahau hofu yote, wakakumbatiana, na Baruti akalia machozi.

Twasoma habari hii na mara twamkumbuka Yusufu mbele ya ndugu zake huko Misri. Lakini subirini, kwa maana Yusufu wa Basoko alikuwa na akili za peke yake.

Stanley alimwachia hiari: abaki na watu wake, au aendelee na safari. Baruti akajibu kwamba ataendelea na bwana wake. Stanley akaridhika. Wakapanda mpaka Yambuya, wakaanza kujenga ngome. Usiku mmoja, watu wakiwa wamelala, Baruti akaingia hemani mwa Stanley. Akachukua bunduki yake ya Winchester, bastola mbili pamoja na risasi, saa ya fedha, mkanda mzuri wenye mifuko, pesa kidogo, na kile chombo cha fedha kinachohesabu hatua za msafiri. Akachukua mtumbwi, akauacha mkondo wa Aruwimi umpeleke kwao.

Hebu tutazame jambo hili. Bula Matari anatoka Uingereza na mamia ya watu, anavuka nusu ya dunia, kumtafuta mtu mmoja aliyepotea mwituni. Na kabla hajaingia msituni, mtumishi wake mwenyewe aliyepotea anajiokoa, peke yake, kwa usiku mmoja, bila kamati wala michango. Tena akachukua na chombo cha kuhesabu hatua, ambacho hakikuhesabu hata moja, kwa kuwa alisafiri kwa mtumbwi!

Wizi ni wizi, wala sisi hatuwezi kuusifu. Amri ya saba haikuandikwa kwa watu wa nchi moja tu. Lakini na aliyemteka Baruti utotoni alikuwa ameiba zaidi ya saa na bastola. Stanley mwenyewe hakumfuata.

MWOKOZI NA MWOKOLEWA

Tarehe 28 Juni 1887 Stanley akaondoka Yambuya na watu karibu 390, akawaacha wengine nyuma chini ya Meja Barttelot. Wakaingia msitu wa Ituri. Mateso ya msitu ule hayana kichekesho: njaa, mishale, vidonda, mvua, na watu kufa njiani. Tarehe 13 Desemba 1887 waliosalia wakafika Ziwa Albert. Wakauliza: Emin yuko wapi? Watu wa ziwani hawakuwa na habari zake. Mashua ya vipande waliyoichukua toka Ulaya ili kumtafutia Emin ziwani walikuwa wameiacha Ipoto msituni kwa kukosa nguvu za kuibeba. Basi wakageuka, wakarudi msituni, wakajenga ngome waliyoiita Bodo, wakaleta mashua, wakaenda ziwani mara ya pili.

Safari hii Stanley akakuta barua inamngoja. Emin alisikia uvumi kwamba wazungu wamefika upande wa kusini wa ziwa, akaja mwenyewe kuwatafuta, asiwaone, akaacha barua kwa wenyeji. Yaani mpotevu alikuwa amekwenda kumtafuta mwokozi!

Wakakutana jioni ya 29 Aprili 1888. Emin akaja kwa mashua yake ya moshi iitwayo Khedive. Akashuka mtu mfupi mwembamba, mwenye miwani na tarbushi, amevaa nguo nyeupe zilizofuliwa na kupigwa pasi. Mbele yake wakasimama waokozi, nguo zao zimeraruka, miguu ina vidonda, matumbo matupu. Stanley akafungua chupa 5 ndogo za shampeni alizozichukua toka Kongo, wakanywa kwa afya ya Emin. Kisha Emin akaanza kuwagawia wageni wake nguo, viatu, tumbaku, asali na chumvi. Watu wake walilima na kufuma vitambaa wenyewe. Stanley naye akamkabidhi masanduku 31 ya risasi, maana ndiyo aliyoweza kufikisha.

Kulikuwa na zawadi nyingine. Stanley aliambiwa huko nyuma kwamba Emin ni mtu mrefu. Kwa hiyo alikuwa amemshonesha Cairo suruali ya mtu mrefu, na suruali ile ikabebwa kichwani kutoka Yambuya hata ziwani, kupita mito na matope na mishale. Emin alipoijaribu, ikabidi miguu yake ikatwe. Twamfikiria mpagazi aliyeubeba mzigo ule. Ikiwa alisimama karibu siku ile na kuona kipande cha kitambaa kinaanguka chini, je, hakuwa na haki ya kucheka kuliko watu wote?

Nao Wangwana walijua kucheka. Walikuwa na majina ya utani ya kila namna. Mmoja wao, mwindaji hodari aliyewalisha wengi kwa bunduki yake, aliitwa Saa Tatu. Stanley akalitafsiri jina hili kitabuni kwa Kiingereza, neno kwa neno, naye Mwingereza akisoma hufikiri habari za alasiri. Lakini kila mtoto wa Kiswahili ajua kwamba saa tatu ni asubuhi, jua limepanda kidogo, watu wako shambani. Hivyo jina la mwindaji wetu limepoteza saa sita njiani kati ya Afrika na Uingereza, na hakuna aliyeondoka kwenda kuziokoa.

Tena jambo kubwa: Emin hakutaka kuokolewa! Alitaka risasi, alitaka habari, alitaka msaada. Lakini kuliacha jimbo lake, na watu wake, na ndege zake aliokuwa akiwakusanya, hilo hakulipenda. Stanley alikuwa amevuka Afrika kumletea mtu kitu ambacho hakukiomba.

SURUALI YA BULA MATARI

Stanley akamwacha Emin afikiri, naye akarudi tena msituni kuwatafuta wale wa nyuma. Tarehe 17 Agosti 1888 akawakuta Banalia, si mbali sana na Yambuya. Kati ya wazungu 5 alimkuta mmoja tu, Bwana Bonny. Barttelot alikuwa amepigwa risasi tarehe 19 Julai. Troup alikuwa mgonjwa, amerudishwa Ulaya. Jameson alishuka mto, na siku ile ile ya 17 Agosti, Stanley alipokuwa akiingia Banalia, Jameson akakata roho kwa homa huko Bangala. Bahati ya namna hii haichekeshi, hutufanya tunyamaze.

Ward naye alikuwa Bangala. Habari yake ni hii. Barttelot, kwa kukosa la kufanya, alimtuma Ward ashuke Mto Kongo wote mpaka pwani, apeleke simu kwa kamati huko London, aulize wafanye nini. Ward akasafiri kwa mtumbwi mamia ya maili, simu ikaenda, jibu likaja. Kamati ikasema: Fuateni amri alizowaachia Stanley. Yaani amri walizokuwa nazo sandukuni siku zote! Tena jibu lenyewe halikumfika Barttelot, kwa sababu alikuwa amekwisha kuagiza Ward asipande tena kutoka Bangala.

Stanley alipotaka kubadili nguo zake zilizoraruka, akaambiwa kwamba sanduku lake halipo. Wale wa nyuma, kwa kuamini kwamba pengine amekufa na kwa kutaka kupunguza mizigo, walikuwa wamezishusha nguo zake, dawa zake na sabuni yake mpaka Bangala. Basi mtu aliyebeba suruali ya mwenzake katikati ya Afrika, na suruali ile ikawa ndefu mno, alirudi akakuta yeye mwenyewe hana suruali. Bula Matari, mvunja mawe, alisimama Banalia akitafuta kitambaa cha kushona.

Hapa twaweza kucheka. Lakini tusicheke bila kutazama pembeni. Kando ya sanduku lile lililokosekana kulikuwa na makaburi ya Wangwana wengi. Kwa muda wa mwaka mzima wapagazi walikaa Yambuya wakingoja, wakipigwa viboko kwa makosa madogo, wakila muhogo mchungu bila kuuloweka wala kuupika ilivyopasa. Sumu ya muhogo ikawaua polepole. Na wanawake wa nchi hii, toka Basoko hata Kisangani, walijua jinsi ya kuuloweka muhogo majini siku kadha, kuumenya, kuukausha. Kila binti alifundishwa na mama yake. Maarifa yalikuwa jirani tu, lakini ngome ya Yambuya ilijengwa kwa kuwafukuza wenyeji kijijini mwao, na wanawake wao wakakamatwa ili wanaume walete chakula. Nani atakuja kumfundisha kupika yule aliyemfukuza? Watu walikufa kwa kukosa ujirani.

Basi twaona kuna ajali za namna mbili. Moja ni ya mwenye nguvu kupoteza suruali yake. Hiyo icheke. Nyingine ni ya maskini kupoteza maisha yake kwa kosa la mwenye nguvu. Hiyo iombee, wala usikubali mtu aisimulie kwa mzaha.

DIRISHA LA BAGAMOYO

Mwezi ule ule wa Agosti 1888, askari wa Emin walimwasi, wakamfunga pamoja na Bwana Jephson, aliyeachwa na Stanley kumsaidia. Walipofunguliwa, Emin hakuwa tena na jimbo la kuling'ang'ania. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 ukaondoka Ziwa Albert kuelekea pwani ya mashariki. Njiani waliungana nao mapadre wawili wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, Padre Schynse na Padre Girault, waliotoka Bukumbi, kusini ya Ziwa Nyanza. Padre Schynse hakuwa mgeni wa Kongo. Alikuwa amepata kufanya kazi Kwamouth. Aliandika kitabu juu ya safari ile.

Tarehe 4 Desemba 1889 wakaingia Bagamoyo. Miaka karibu mitatu ilikuwa imepita tangu Stanley alipokuwa Zanzibar, akaukaribia mlango huu, akauacha! Wadachi wakawafanyia karamu usiku ule katika nyumba ya ghorofa. Kulikuwa na muziki, hotuba na divai. Emin alikuwa na furaha kubwa, maana alipokea salamu za simu kutoka kwa Kaisari wa Ujerumani. Akazunguka akizungumza na huyu na yule. Macho yake yalikuwa mabovu sana. Akaingia chumba kingine, akaona dirisha lenye kizingiti kifupi, akalidhania kuwa mlango wa roshani, akatoka nje. Akaanguka mpaka chini barabarani.

Mahdi hakumpata, askari waasi hawakumwua, njaa na homa zilimwacha; na usiku wa kwanza wa amani, katika nyumba ya marafiki, dirisha likamwangusha. Alivunjika vibaya, watu wakadhani atakufa. Lakini hakufa. Daktari Parke wa msafara akabaki naye kwa muda kumwuguza. Stanley akaenda zake Zanzibar bila yule aliyemfuata, kwa hiyo Waingereza waliongojea kumwona Emin Ulaya hawakumwona kamwe.

Alipopona, Emin akaingia kazi ya Wadachi, na mwezi wa Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo. Kwenda wapi? Kurudi bara kule kule alikotolewa! Padre Schynse akafuatana naye tena mpaka Nyanza. Mwaka ule Emin akaanzisha kituo cha Bukoba. Kisha akaendelea magharibi, akaingia msitu wa Kongo, na Oktoba 1892 akauawa huko, mashariki ya Lualaba, akielekea upande wetu huu. Mtu waliyemtoa msituni kwa gharama ya mamia ya roho aliurudia msitu kwa miguu yake, na wapagazi wengi waliokufa kwa ajili yake hawakujua hata sura yake.

KUCHEKA KUNA AMRI YAKE

Labda msomaji mmoja atauliza: Je, yafaa Mkristo kucheka mambo kama haya? Twamjibu kwamba Maandiko hayakuogopa kicheko. Sara mke wa Ibrahimu alicheka aliposikia kwamba atazaa katika uzee, na mtoto alipozaliwa akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kicheko. Mungu hakulibadili jina hilo. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba uchangamfu na mzaha wenye kiasi ni fadhila, na kwamba mtu asiyeweza kufurahi wala kuvumilia furaha ya wenzake ana kosa.

Lakini kila fadhila ina mipaka. Tumeona katika habari hii mipaka ya kicheko. Kwanza, yafaa tucheke mpango uliojivuna, si mtu aliyeanguka. Emin alipoanguka dirishani hatuchekei mifupa yake. Twachekea sisi sote, tunaojilinda na simba tukasahau ngazi. Pili, anayecheka akumbuke kuhesabu na wale ambao hawakutajwa. Vitabu vinatwambia majina ya wazungu wote wa msafara. Wapagazi wengi hatupewi ila hesabu yao, nao zaidi ya nusu hawakuiona tena Zanzibar. Na tatu, kicheko chema humrudia mwenyewe. Anayemcheka Stanley kwa kuzunguka Afrika nzima, ajiulize yeye mwenyewe ni mara ngapi amezunguka kijiji kizima ili asipite mbele ya mlango wa ndugu aliyekosana naye, na neno moja tu la upatanisho lingemfikisha.

Mambo haya twayasimulia Barumbu na Basoko jioni, mto ukiwa umetulia, na siku zote mmoja huuliza: Baruti je, aliishije baada ya usiku ule? Stanley aliandika vitabu vinene na akapewa nishani nyingi. Baruti alirudi kwao na saa ya fedha. Katika watu wote wa safari ile, aliyefika nyumbani mapema kuliko wote, bila kumwangusha mtu wala kumwua, ni yule ambaye hakuna aliyekuja kumwokoa. Mwenyezi Mungu, anayejua njia zote fupi na ndefu, atujalie kuzijua za kwetu kabla viatu havijaisha.